Mali iko ng'ambo, mtumbwi nimeuzamisha mwenyewe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kazi yangu iko Kibirizi, nyumba iko Mwanga, hapa hapa Kigoma. Nina mke na binti mmoja. Ndoa haina tatizo, sidaiwi na mtu, sinywi. Kilichoninyima usingizi wiki tatu hizi ni karata tatu za uru.

Usicheke kwanza. Baba mkwe wangu ni karani mstaafu wa reli. Ujanani alipangiwa kazi Dar es Salaam miaka michache, na huko akafundishwa mchezo wa briji. Aliporudi kwao akarudi nao, kama wenzake walivyorudi na redio. Tangu nimjue, kila Jumamosi jua likipoa meza hutolewa barazani kwake, kahawa chungu na kashata zikaletwa, na wakakaa wanne: yeye, mwalimu mstaafu wa hesabu, padri, na mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi kwa sababu karibu nusu yetu ni yeye aliyetupokea duniani. Hawachezi pesa. Mama mkwe alikataza hata kuchezea kokoto.

Mwaka jana padri akahamishwa. Briji haichezwi na watatu. Mzee akanipima kwa macho kama wiki mbili hivi, kisha akaniita: "Baba Neema, wewe una kichwa cha mashine. Njoo ujifunze." Nilijifunza miezi minne. Kwa kijana wa watu aliyekulia arubastini na lasti kadi, kuketi mkabala na baba mkwe, mwenzi wake mezani, ilikuwa heshima kuliko ile ya siku ya mahari.

Kwa wasomaji wako wasioujua mchezo, nieleze kidogo, maana bila hivyo aibu yangu haitaeleweka. Karata ni 52, kila mtu anapata 13. Wanaotazamana ni timu moja. Kwanza kuna mnada: mnaahidi mtakula mafungu mangapi, fungu likiwa ni karata nne za mzunguko mmoja, moja ya kila mtu. Mkishinda mnada, mmoja wenu anacheza, na mwenzake analaza karata zake zote wazi mezani na kufunga mdomo. Huyo aliyelaza anaitwa dami. Mwenye ahadi anaicheza mikono yote miwili, wa kwake na wa mezani. Lakini upande uliokula fungu ndio unaoanza fungu linalofuata. Ukila kwa karata ya mezani, unaanza mezani. Ukila kwa ya mkononi, unaanza mkononi. Ishike hiyo, Shangazi.

Jumamosi ile niligawiwa karata ambazo sijawahi kuzishika. Shupaza: mfalme, saba, tatu. Kopa: ree, mfalme, sita, nne. Uru mbili tu, nane na nne. Pau: ree, mfalme, saba, tatu. Kwa hesabu yao ya ree pointi nne, mfalme tatu, malkia mbili na ghulamu moja, hapo nilikuwa na 17. Nikanadi moja bila turufu, yaani bila aina ya karata inayozikata nyingine, na sauti ikatoka nene mpaka mwenyewe nikaishangaa. Mwalimu akasema pasi. Mzee akazitazama zake, akasema, "Tatu bila turufu." Wote tukapitisha. Yaani matatu juu ya sita za mwanzo: tumeahidi mafungu tisa kati ya 13.

Mwalimu akafungua kwa malkia wa shupaza. Mzee akalaza. Shupaza: ree, sita, nne. Kopa: saba, tatu. Pau: nane, sita, mbili. Na uru, Shangazi! Mfalme, malkia, ghulamu, kumi, halafu tano, zimelala pale kama migebuka kwenye sinia. Ree tu ndiyo haikuwepo.

Nikasema, "Ahsante, Mzee," kama nilivyofundishwa, na kabla kahawa haijafika tumboni nikavuta ree ya shupaza pale mezani nikamla malkia wa Mwalimu. Nilitaka niwe mezani haraka nianze kumwaga uru. Mzee akavua miwani akaanza kuifuta. Nikadhani ni jasho.

Nikaweka mfalme wa uru. Bibi akatoa tatu, taratibu, kama anayeonja chumvi. Mimi nne. Mwalimu akatupa saba. Fungu langu. Nikaweka malkia. Safari hii Bibi akashusha ree, mimi nikatoa nane yangu, Mwalimu akatupa mbili. Bibi akarudisha shupaza, nami nikaila kwa mfalme wangu. Nikahesabu moyoni: zimebaki uru tatu mezani, zote mbivu, tumefika.

Nikanyoosha mkono nimchukue ghulamu wa uru. Mwalimu akakohoa. "Hilo umelila kwa mkono wako, fundi. Anza huko huko." Nikachungulia mkononi nitafute uru ya kuvukia. Hakuna. Nikatafuta shupaza ya kunifikisha kwenye ree ya mezani. Ree nilishaila mwenyewe fungu la kwanza. Nikala kopa mbili za juu, na mkono, sijui nani aliutuma, ukaenda tena mezani. "Mkononi," akasema Mwalimu. Nikala pau mbili. Mkono ukaenda mara ya tatu. Hapo ndipo Bibi akatamka neno lililoniharibia jina: "Baba Neema, leo hakuna kivuko."

Mafungu saba. Tumepungukiwa mawili. Zile uru tatu zilibaki mezani mpaka mwisho, zikatupwa moja moja kwenye mafungu ya watu wengine.

Mzee hakusema kitu. Alichukua kalamu, akaziandika karata zote nyuma ya bahasha, akaikunja, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo nikimwamkia anaitikia "Marahaba" na kuendelea na shughuli zake. Jumamosi iliyofuata sikwenda, kwa haya. Wala hiyo nyingine, wala iliyopita. Nasikia wanacheza arubastini watatu.

Kibaya zaidi, jina limeenea. Kijana wa bodaboda ananiita Kivuko. Wanawake wanaoanika dagaa wananiita Kivuko. Juzi mteja kaleta injini, akauliza mbele ya vijana wangu, "Hii ukitengeneza, mezani itafika?" Mke wangu akisikia anajifunika kanga usoni, na najua hacheki kwa huzuni.

Nina maswali mawili. Kwanza, nilikosea wapi hasa, maana ree nilikula nayo fungu halali na mfalme nikala naye jingine, hakuna kilichopotea. Pili, nimwombeje radhi baba mkwe? Nimefikiria kumtuma mke wangu, au kupeleka beberu.

Fundi wa Boti, Mwanga

~

Fundi, marahaba mwanangu.

Sijacheka. Nimeiweka barua chini, nikaenda jikoni, nikarudi, nikaisoma tena, ndipo nikacheka. Nina ruhusa hiyo, kwa sababu mchezo huu nimeujua hapa Tabora mezani kwa marehemu mume wangu, na mimi ndiye niliyewahi kuikata kwa turufu ree ya mume wangu huyo huyo, fungu ambalo tayari lilikuwa letu, mbele ya wageni waliotoka Nzega. Kwa hiyo tunazungumza kama watu wawili waliowahi kuzama.

Tuanze na karata, maana swali lako la kwanza nimelipenda, na lina ubishi wa kifundi ndani yake. Unasema hakuna kilichopotea: ree imekula, mfalme amekula, shupaza zimetoa mafungu mawili kama zilivyotakiwa kutoa. Kwa hesabu ya mafungu uko sahihi kabisa. Shupaza zingetoa mawili hata ungezichezaje. Ila ulizila kwa mpangilio uliokuacha upande wa maji ambao hauna mali.

Rudi fungu la kwanza. Malkia wa shupaza amekuja. Una mfalme mkononi na ree iko mezani. Yeyote kati yao anamla malkia. Ungekula na mfalme wako, ree ingebaki mezani imekaa kimya, na kazi yake tangu hapo si kula tena, kazi yake ni kukuvusha. Unaanza uru kutoka mkononi, ile nane, unaweka mfalme wa mezani. Bibi anajizuia, sawa. Unaendelea na malkia. Bibi anatoa ree. Sasa arudishe anachotaka. Akirudisha shupaza, unaila kwa ree ya mezani na umeshafika; uru tatu zinashuka moja baada ya nyingine. Akirudisha kopa au pau, unaila mkononi kisha unasogeza shupaza ndogo hadi kwenye ree, umevuka. Bibi hana pa kukuzuia. Hesabu: shupaza mbili, kopa mbili, pau mbili, uru nne. Kumi. Uliahidi tisa.

Unatengeneza mashine za boti, kwa hiyo nikuulize kwa lugha ya kazini. Mteja ana mzigo ng'ambo na ana boti moja. Je, anaivusha boti tupu asubuhi kwa sababu tu imekaa gatini na inawaka, kisha anaiacha huko iondoke na mtu mwingine? Wewe ulifanya hivyo. Ulikuwa na haraka ya kufika mezani wakati mezani palikuwa bado hapajaiva. Ree ya Bibi ilikuwa haijatoka. Safari ya maana ilikuwa ile ya baada ya ree hiyo kutoka, na hiyo ndiyo uliyoiuza.

Kuna jambo dogo wengi hawalioni katika mkono kama huu. Ungeweza kuanza uru kutoka mkononi bila shida yoyote, ile nane yako ilikuwa inatosha. Hukuhitaji kuwa mezani kabisa. Naamini ulikwenda kule kwa sababu uru zilikuwa nzuri na ulitaka kukaa karibu nazo. Nawafahamu wanaume wengi wa namna hiyo lakini leo safu ni ya karata.

Ulikuwa na tumaini lolote baada ya pale? Dogo. Pau zako nne na tatu za mezani zinaacha sita kwa wapinzani. Zingegawanyika tatu kwa tatu, ile pau yako ya nne ingekula fungu la nyongeza, na hilo hutokea kama mara 36 katika 100. Lakini hata hapo ungefika nane tu, na ahadi ilikuwa tisa. Kwa hiyo usijilaumu kwa chochote kilichotokea baada ya fungu la kwanza. Meli ilishakaa chini ya maji. Uliyofanya baadaye ni kupunga mkono.

Na huko kupunga mkono nina la kusema, maana watu wa Mwanga wamelichekea kuliko kosa lenyewe bila kujua sheria zake. Mara tatu ulitaka kuanza mezani wakati zamu ilikuwa mkononi. Sheria za briji zinamfunga dami mdomo kuhusu mbinu: hawezi kukwambia ucheze nini, hawezi kukunja uso kukuonya juu ya ree, na mkweo kwa kufuta miwani yake alikuwa amefika ukingoni mwa adabu. Lakini sheria hizo hizo zinampa dami ruhusa ya kumzuia mwenzake asikosee utaratibu. Unaponyoosha mkono upande usio wako, dami anaruhusiwa kabisa kusema, "Uko mkononi." Ni haki yake, na wengi huiona kama wajibu. Kama vile anavyoruhusiwa kukuuliza, "Huna shupaza?" pale unapotupa aina nyingine, ili usikosee kufuata.

Sasa nionyeshe kwenye barua yako mahali Mzee aliposema "Uko mkononi." Nimetafuta. Mara mbili ni Mwalimu aliyekurudisha, ya tatu ni Bibi. Mwenzio alikaa akatazama. Sisemi alifanya makusudi, lakini ukienda kuomba radhi nenda ukijua kwamba na yeye ana deni dogo kwenye daftari.

Na Mwalimu naye! Sheria inasema mwenye ahadi akianza kutoka upande usio wake, mpinzani anaweza kuikubali karata hiyo na mchezo ukaendelea kana kwamba hakuna kosa. Angekubali ule ghulamu wa kwanza, ungemwaga uru zote tatu ukafika kumi, na leo usingekuwa na jina. Alikuwa na maisha yako mkononi akakohoa. Hata mimi ningekohoa.

Lakini mtu wa kumtazama kwenye meza ile hakuwa wewe, wala Mzee, wala Mwalimu. Soma ulichoandika mwenyewe. Mfalme wa uru umemweka mbele ya Bibi, ree anayo, na akatoa tatu. Angekuwa na pupa kama yako angemla mfalme hapo hapo, na kosa lako lote lingefutika: ungebaki na uru moja mkononi, ungeila ile shupaza yake kwa mfalme, ungevuka kwa hiyo uru iliyobaki, ukala nne. Mtaa usingejua kitu. Bibi alijizuia mara moja tu, si mbili, mpaka alipojua uru zako zimekwisha. Alijuaje? Tazama karata ulizodhani zimetupwa hovyo. Mwalimu alitupa saba kwanza, mbili baadaye. Kubwa kisha ndogo: wachezaji wengi huwaambia wenzao hivyo kwamba idadi niliyo nayo inagawanyika kwa mbili. Bibi aliiona saba, akahesabu tano za mezani na nne zake mwenyewe, zimebaki nne, Mwalimu ana mbili, basi fundi ana mbili. Duru ya pili ndiyo ya kumkata. Wewe ukiwa unawaza migebuka, wale wazee wawili walikuwa wanazungumza mbele ya macho yako bila kufungua mdomo.

Kwa hiyo wanaokucheka wamecheka upande mmoja. Ahadi ile iliangushwa na watu wawili, wewe na Bibi, na mmoja wenu alifanya kazi nzuri.

Jumamosi utakayorudi, fanya hivi. Mwenzio akishalaza karata, zako zigeuze kifudifudi mezani. Kunywa kahawa. Hakuna anayeweza kukuharakisha kwenye fungu la kwanza. Ndilo fungu ambalo wachezaji wazuri hukaa muda mrefu kuliko yote. Hesabu mafungu uliyo nayo tayari, yale ya kutwaa bila kumwomba mtu. Kwako yalikuwa sita. Zinahitajika tatu zaidi, zitatoka uru. Kisha jiulize swali moja tu: siku uru zikiiva, nitakuwa upande gani, na nitapita wapi? Ungejiuliza hilo, mkono wako usingeigusa ree.

Tuje kwa Mzee.

Beberu muache aendelee kula majani. Ukimpelekea baba mkwe beberu kwa sababu ya mafungu mawili, mtaa utasema kuna jambo kubwa mnalificha, na mama mkwe ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza kama kweli hamchezi pesa. Mke wako pia usimtume. Yeye hakuwa mezani, na ukimfanya tarishi kati ya baba yake na mume wake, siku moja atachoka kubeba. Halafu, kama anajifunika kanga kucheka, ujumbe utafika umechekwa.

Nadhani umeisoma vibaya hali ya mkweo. Umeandika mambo matatu na hukuyaunganisha. La kwanza, aliziandika karata nyuma ya bahasha. Mtu aliyekasirika hachukui kalamu. Hukusanya karata akaingia ndani. Anayeandika ana jambo anataka kulirudia na mtu. La pili, wiki tatu wanacheza arubastini watatu. Mwanga yote ile hawakupata mtu wa kukalia kiti? Mwalimu wa hesabu hana hata mwanafunzi mmoja wa zamani? Kiti kile hakijajazwa kwa sababu kina mwenyewe. La tatu ndilo linalonifurahisha. Mezani mlikuwa wanne. Bibi alisema neno moja barazani. Jina limefikaje Kibirizi kwa waanika dagaa? Wewe hukusimulia. Mkunga aliyekaa na siri za uzazi za mji mzima si mtu wa kubeba habari za karata. Mwalimu huenda, lakini mimi namshuku karani mmoja mstaafu anayekwenda kununua samaki asubuhi na bahasha mfukoni. Mtu haendi kusimulia sokoni jambo linalomuumiza. Mzee wako ana hadithi nzuri kuliko zote alizopata tangu astaafu, na mhusika mkuu amemkimbia.

Hiyo "Marahaba" fupi ni ya mtu anayengoja. Umeacha kwenda Jumamosi tatu bila kusema neno. Kwa desturi zetu aliyekosa adabu hapo ni nani? Kupungukiwa mafungu mawili ni mchezo. Kumwachia baba mkwe kiti kitupu bila taarifa, hilo ndilo la kuombea radhi.

Basi nenda Ijumaa jioni, siku moja kabla, peke yako, usisubiri Jumamosi mbele ya watu. Chukua migebuka miwili, si zaidi, upeleke jikoni kwa mama mkwe kwanza. Mwamkie Mzee vizuri, kaa, subiri chai. Mwombe radhi kwa kutoonekana, kwa maneno machache, wala usitaje karata kwenye sentensi hiyo. Akishaitikia, toa seti ya karata mfukoni, zipange mikono minne kama ilivyokuwa, halafu mwambie, "Baba, nionyeshe." Ukisahau iliyokuwa mikononi mwa wengine usiwe na wasiwasi, bahasha itatoka. Mwache akueleze ya kivuko kuanzia mwanzo kana kwamba hujasoma hapa. Hili gazeti liache nyumbani.

Akimaliza, na akiwa amefurahi, unaweza kumuuliza kwa adabu kama dami anaruhusiwa kusema "Uko mkononi." Uliza kama mwanafunzi. Kisha tazama miwani.

Limebaki jina. Hilo huliwezi kulifuta, na mimi nisingelifuta. Nyie watu wa Kigoma mna meli yenu, Liemba, na kila mtoto wa gatini anaijua historia yake, au alipaswa kuijua. Wajerumani waliiunda, wakaipa jina la Graf von Götzen, na mwaka 1916 walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe ziwani, kwa mikono yao, wakiwa wameshaipaka mashine grisi isiharibike. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 na kubeba watu na dagaa kwa miongo mingi baada ya hapo. Fundi wa mashine za boti anayeitwa Kivuko kwa sababu alizamisha chake mwenyewe ana jibu la kuwapa vijana wa bodaboda: grisi nilishapaka. Mteja akikuuliza kama injini itafika mezani, mwambie bei, na ongeza kidogo kwa utani wake.

Tena mchezo wenyewe asili yake inakuhusu. Msingi wa namna ya kuandika alama za ushindi unaotumika mpaka leo ulipangwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa abiria melini, safarini kupitia mfereji wa Panama. Wewe si wa kwanza kuchanganya karata na vyombo vya majini. Wa kwanza kuzama ukiwa barazani Mwanga, labda.

Niandikie baada ya Jumamosi unieleze Mzee alisema nini.

Na wewe Bibi, kama kuna mtu anakusomea safu hii: ile tatu ya uru uliyoitoa polepole kama anayeonja chumvi, ulikuwa umeshajua kuwa fundi hana pa kupita, au ulikuwa unampa nafasi? Nami niandikie, hata kwa mistari miwili.

Shangazi